Gari la Yadi Linapokuwa na Kasoro: Haki ya Mnunuzi, Mipaka Yake na Namna ya Kuidai

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayosajiliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya na Tanzania si mapya, bali ni magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, yakashushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam na kufikishwa kwa wafanyabiashara wanaoyaonyesha na kuyauza katika viwanja ambavyo watu huviita yadi. Mnunuzi wa gari la namna hiyo hulipa fedha nyingi kuliko anazolipa kwa kitu kingine chochote maishani, isipokuwa labda kiwanja au nyumba, na mara nyingi hulipa kwa akiba ya miaka au kwa mkopo. Swali linalochunguzwa hapa ni hatima yake gari hilo linapoanza kugonga injini, kula oili au kugoma kubadili gia siku chache baada ya kutoka yadi, huku muuzaji akimwonyesha maandishi ya chini ya risiti yanayosema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Hoja itakayotetewa ni kwamba sheria humpa mnunuzi haki nyingi kuliko risiti hiyo inavyodai, lakini haki hizo hupotea haraka kwa kuchelewa na kwa kukosa ushahidi, na kwamba ndani ya sheria yenyewe umebaki ufa wa zamani ambao hauna tena sababu ya kuwapo.

Ili kuelewa kwa nini kasoro hujitokeza mara kwa mara katika biashara hii, ni lazima kufuata njia ambayo gari limepitia. Nchini Japani kila gari dogo la binafsi hupaswa kupita ukaguzi wa lazima wa serikali, uitwao shaken, miaka 3 baada ya kusajiliwa likiwa jipya na kisha kila baada ya miaka 2. Na kwa kuwa gharama za ukaguzi, kodi na matengenezo yanayoambatana nao huongezeka uzito kadiri gari linavyozeeka, wenye magari wengi huona afadhali kuyauza. Magari hayo hupelekwa kwenye minada ya wafanyabiashara, ambako mkaguzi wa mnada hulipitia kila gari na kujaza karatasi ya mnada, yaani fomu inayoonyesha kilometa zilizosomwa kwenye dashibodi, daraja la hali ya gari kwa jumla, daraja la ndani, na mchoro wa bodi uliotiwa alama za herufi: A kwa mkwaruzo, U kwa mbonyeo, W kwa sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya. Gari la daraja la 4 au 4.5 huhesabiwa kuwa zuri kwa umri wake, ilhali lenye daraja la R limewahi kupata ajali iliyogusa mifupa ya bodi na kutengenezwa. Gari la R si lazima liwe baya, kwani lipo lililorekebishwa kwa ustadi na likadumu, ila bei yake mnadani huwa ya chini, na hapo ndipo penye kishawishi: anayelinunua kwa bei ya chini na kuliuza kwa bei ya gari safi hupata faida yake kwa kuificha karatasi hiyo.

Tangu mnadani hadi yadi gari hupita katika mikono ya msafirishaji, wakala wa forodha, mwagizaji na wakati mwingine dalali mmoja au wawili, na katika kila hatua taarifa zake hupungua. Karatasi ya mnada imeandikwa kwa Kijapani, kwa hiyo hata ikifika haisomeki kwa wengi. Kilometa zinaweza kurudishwa nyuma kwa kifaa kinachochomekwa kwenye gari kwa dakika chache. Kiti kilichochanika hushonwa, injini huoshwa kwa mvuke mpaka alama za kuvuja zikafutika, na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi huzimwa pasipo chanzo chake kutengenezwa. Mchumi George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, alieleza kinachotokea katika soko la aina hii: pale muuzaji anapojua ubora wa gari na mnunuzi hawezi kuujua, mnunuzi hukubali kulipa bei ya wastani tu, bei hiyo huwafukuza wenye magari mazuri, na soko hujaa mabovu. Jambo la kuzingatiwa katika maelezo hayo ni kwamba anayeumia si mnunuzi peke yake. Mwenye yadi mwaminifu, anayeagiza gari la daraja zuri na kuonyesha karatasi zake zote, hushindana na anayeuza gari la R kwa maneno matamu, na asiposaidiwa na sheria hushindwa.

Wanunuzi wengi huamini kwamba ukaguzi wa serikali umekwisha kuwafanyia kazi ya kuchuja, na imani hiyo inahitaji kurekebishwa. Kiwango cha Kenya kinachojulikana kama KS 1515 hudai kwamba gari lililotumika liwe halijapitisha miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza na liwe limekaguliwa kabla ya kupakiwa melini, chini ya usimamizi wa Shirika la Viwango la Kenya. Tanzania haikuweka marufuku ya umri bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye miaka 8 na zaidi, na ukaguzi wa ubora husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Uganda nayo tangu mwaka 2018 imezuia kuingizwa kwa magari yaliyofikisha miaka 15. Ukaguzi wa aina hii hutazama usalama barabarani: breki, taa, usukani, matairi, kutu ya chesisi, moshi. Hautoi ahadi yoyote kuhusu giaboksi itakayodumu mwaka mmoja au gasketi ya silinda itakayoungua mwezi ujao, na cheti chake si dhamana ya muuzaji wala hakimwondolei muuzaji wajibu wake.

Si kila tatizo la gari lililotumika huzaa dai. Bushi zilizolegea, shokapu zilizochoka, betri inayokaribia kufa na matairi yaliyoisha ni uchakavu wa kawaida ambao bei ya gari kuukuu imekwisha kuuzingatia, na mnunuzi anayerudi yadi na malalamiko ya namna hiyo hudhoofisha hata madai yake ya maana. Tofauti na hayo ni kasoro iliyofichika, yaani hitilafu kubwa iliyokuwamo wakati wa mauzo ambayo mtu wa kawaida asingeigundua kwa kulitazama na kuliendesha kidogo. Tofauti zaidi ni maelezo ya uongo kuhusu kilometa, ajali, mwaka wa kutengenezwa au ukubwa wa injini. Na zito kuliko yote ni tatizo la umiliki, pale gari linapokuwa limeibwa, limewekwa rehani kwa mkopo, au lina namba ya chesisi isiyolingana na hati. Kila moja lina msingi wake wa kisheria, na kosa la kwanza la walalamikaji wengi ni kuyachanganya yote katika neno moja, kwamba gari ni bovu.

Msingi wa sheria ya mauzo katika Kenya na Tanzania bara ni ule ule. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31 ya Sheria za Kenya na Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, ilinakiliwa wakati wa ukoloni kutoka Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, karibu neno kwa neno. Sheria hiyo huanza na kanuni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, kisha huweka mambo ambayo huhesabiwa kuwa yamo katika mkataba hata kama wahusika hawakuyataja. La kwanza ni kwamba muuzaji ana haki ya kuiuza mali hiyo. La pili ni kwamba mali inayouzwa kwa maelezo italingana na maelezo hayo. La tatu, linalohusu wafanyabiashara tu, ni kwamba mali itafaa kwa matumizi ambayo mnunuzi alimjulisha muuzaji huku akitegemea ujuzi wake, na kwamba itakuwa na ubora wa kuuzika, maana yake hali ambayo mtu mwenye busara, akijua ukweli wote kuhusu mali hiyo, bado angeikubali kwa bei ile.

Mahakama za Afrika Mashariki zimezoea kutazama hukumu za Uingereza zilizofasiri maneno hayo, na kesi nne za huko zinatosha kuonyesha mipaka ya haki ya mnunuzi. Katika kesi ya Bartlett dhidi ya Sidney Marcus Ltd ya mwaka 1965, mnunuzi aliambiwa mapema kwamba klachi ya gari ina kasoro, akakubali bei iliyopunguzwa, kisha matengenezo yakagharimu zaidi ya ilivyotarajiwa. Mahakama ya Rufaa, kwa sauti ya Jaji Lord Denning, ilisema kwamba gari lililotumika huwa na ubora wa kuuzika likiwa katika hali ya kutumika, hata kama si kamilifu, na kwamba mnunuzi wake hutarajia kasoro kujitokeza siku yoyote. Miaka kumi baadaye, katika Crowther dhidi ya Shannon Motor Co, injini ya gari aina ya Jaguar ilikwama baada ya wiki takribani tatu na maili zaidi ya 2,000, na mnunuzi alishinda kwa sababu kuharibika mapema kiasi hicho kulionyesha kwamba gari halikufaa tangu siku liliponunuliwa. Kilichoipa kesi hiyo nguvu kilikuwa ushahidi wa mmiliki wa awali, aliyeeleza kwamba alipoliuza injini ilikuwa imekwisha kuchoka kabisa. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja, unapata kipimo: kinachopimwa ni hali ya gari siku ya mauzo, na kinachotokea baadaye kina thamani kwa kadiri kinavyofichua hali ile.

Kesi nyingine mbili hutenganisha mfanyabiashara na mtu binafsi. Mwaka 1957, katika Oscar Chess dhidi ya Williams, mtu binafsi aliyeuza gari kwa kuamini kwamba ni la mwaka 1948, kumbe ni la 1939, hakulaumiwa kwa kuvunja mkataba, kwa kuwa alitegemea hati iliyoghushiwa na wengine na hakuwa na ujuzi wa kuzidi wa mnunuzi, ambaye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa magari. Mwaka 1965, katika Dick Bentley Productions dhidi ya Harold Smith (Motors), mfanyabiashara aliyesema kwamba gari limetembea maili 20,000 tu tangu lilipowekewa injini nyingine, wakati ukweli ulikuwa karibu 100,000, aliwajibishwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuujua ukweli. Kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam tofauti hii si ya vitabuni tu. Yadi nyingi huweka magari ya watu wengine kwa makubaliano ya kamisheni, na fedha wakati mwingine hutumwa kwenye simu ya mfanyakazi wa mauzo. Baadaye, gari likisumbua, mwenye yadi husema kwamba yeye alikuwa dalali tu na kwamba muuzaji ni fulani ambaye hapatikani. Kwa hiyo jina la muuzaji lililoandikwa katika mkataba, na akaunti iliyopokea fedha, vina uzito sawa na hali ya injini.

Kuhusu umiliki sheria ni kali kwa muuzaji kuliko mahali pengine popote. Katika Rowland dhidi ya Divall ya mwaka 1923, mnunuzi wa gari lililogunduliwa kuwa la wizi alirudishiwa bei yote ingawa gari lilikuwa limetumika kwa miezi kadhaa, kwa kuwa hakupata kile alichokilipia, yaani umiliki. Hata hivyo kinga hapa ni rahisi kuliko tiba. Nchini Kenya taarifa za gari hutafutwa kwa ada ndogo kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na rehani ya mali inayohamishika husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Nchini Tanzania uhakiki wa kadi ya gari na mmiliki wake hufanywa kwa Mamlaka ya Mapato, TRA.

Maandishi ya risiti na vibao vya ukutani yanayokataza kurudisha mali ndiyo ngao ambayo wauzaji huitegemea zaidi, na nguvu yake hutofautiana kati ya nchi hizi mbili. Sheria ya zamani ya mauzo iliruhusu pande mbili kukubaliana kuyaondoa masharti yaliyotajwa hapo juu, kwa msingi wa uhuru wa mkataba. Nchini Kenya uhuru huo umewekewa kizuizi: Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, taarifa za kumwezesha kunufaika nazo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, katika kifungu cha 5, humhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora wa kuuzika na hubatilisha maneno yoyote ya mkataba yanayokusudia kuuondoa wajibu huo. Maneno ya chini ya risiti, basi, mbele ya mlaji wa Kenya ni wino tu. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Pia ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo katika kifungu cha 19 humruhusu aliyelaghaiwa au kupotoshwa kuutangua mkataba. Ulaghai hauwezi kufunikwa na kibao cha ukutani, kwa kuwa ridhaa iliyopatikana kwa uongo haikuwa ridhaa ya hiari.

Mtu anaweza kudhani, baada ya kusoma hayo, kwamba mnunuzi wa gari bovu hurudisha gari na kuchukua fedha zake. Hapa ndipo penye ufa uliotajwa mwanzoni. Sheria ya mauzo hutofautisha sharti, ambalo likivunjwa humpa mnunuzi haki ya kuikataa mali na kurudishiwa bei yote, na ahadi ya dhamana, ambayo ikivunjwa humpa fidia tu huku mali ikibaki yake. Ubora wa kuuzika ni sharti. Lakini sheria ya mwaka 1893 iliongeza kwamba pale mkataba unapohusu kitu mahususi ambacho umiliki wake umekwisha kuhamia kwa mnunuzi, kuvunjwa kwa sharti kutahesabiwa kama kuvunjwa kwa dhamana; na maneno hayo yamo katika sheria za Kenya na Tanzania. Gari lililochaguliwa yadi ni kitu mahususi kabisa, na kwa kanuni ya kawaida ya sheria hiyo hiyo umiliki wa kitu mahususi kilicho tayari kukabidhiwa huhama mara mkataba unapofungwa, hata kabla ya bei kulipwa. Kwa maana hiyo, mnunuzi hupoteza haki ya kulikataa gari karibu katika dakika ile ile anayoipata, kabla hajaliendesha hata hadi nyumbani. Uingereza yenyewe iliona ubaya wa maneno hayo ikayafuta mwaka 1967. Kenya na Tanzania zimeyaweka mpaka leo.

Mpaka maneno hayo yaondolewe, mnunuzi anaweza kujikinga kwa mkataba wenyewe, kwani umiliki huhama pale wahusika wanapotaka uhame. Sentensi moja katika mkataba wa mauzo, inayosema kwamba umiliki hautahama mpaka gari liwe limekaguliwa na fundi wa mnunuzi na kuendeshwa kwa siku zilizokubaliwa, inatosha kuifufua haki ya kulikataa. Wauzaji wengi watapinga sentensi hiyo, na namna wanavyoipinga humfundisha mnunuzi mengi kuhusu gari lenyewe.

Hata pale haki ya kukataa inapokuwapo, hufa kwa kukaa nayo. Sheria husema kwamba mnunuzi ameikubali mali anapomjulisha muuzaji kwamba ameikubali, anapoitendea kama mwenye mali, au anapokaa nayo kwa muda wa kutosha bila kueleza kwamba anaikataa. Inafaa kutaja kwamba fiqhi ya Kiislamu, iliyotawala biashara ya pwani karne nyingi kabla ya sheria ya Kiingereza kufika, ilikuwa na kanuni inayokaribiana na hii. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na Zanzibar, muuzaji hulazimika kuitaja aibu ya mali anayoijua, na mnunuzi aliyegundua aibu ya tangu kabla ya kukabidhiwa ana hiari ya kuirudisha. Lakini ni lazima aitumie hiari hiyo mara anapoigundua, na akiendelea kuitumia mali bila udhuru huhesabiwa kuwa ameridhika nayo. Mifumo miwili iliyotoka mbali imekutana mahali pamoja kwa sababu ya haki iliyo wazi: muuzaji naye hawezi kuwekwa roho juu milele, na kila kilometa inayoongezwa baada ya kasoro kujulikana huharibu uwezekano wa kusema kasoro hiyo ni ya nani.

Kutokana na hayo hufuata mwenendo unaompasa mnunuzi tangu siku kasoro inapoonekana. La kwanza ni kuacha kuliendesha gari, hasa pale injini inapopata joto kupita kiasi au taa ya oili inapowaka, kwa kuwa kuendelea kwa kilometa 20 kunaweza kugeuza kasoro ya muuzaji kuwa uharibifu wa mnunuzi. Kisha aandike barua au ujumbe kwa muuzaji siku hiyo hiyo, akitaja tarehe ya kununua, kilometa zilizosomeka, dalili zilizoonekana na anachokitaka: matengenezo, gari jingine, fedha au punguzo. Simu haitoshi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na mazungumzo ya simu huwa na wapokeaji wenye kumbukumbu tofauti. Kosa linalowagharimu wengi zaidi ni la fundi. Mnunuzi mwenye hasira hulipeleka gari kwa fundi wa mtaani, ambaye hufungua injini nzima, hutupa vipuri vibovu na kuanza kutengeneza kabla muuzaji hajaona chochote. Baadaye muuzaji hudai kwamba fundi huyo ndiye aliyeharibu, na hakuna anayeweza kumpinga kwa uhakika. Utaratibu ulio salama ni kumwalika muuzaji kwa maandishi ashuhudie ukaguzi, gari lipimwe kwa kompyuta na misimbo ya hitilafu ichapishwe, fundi asiye na uhusiano na upande wowote aandike ripoti iliyosainiwa inayoeleza si kilichoharibika tu bali kwa nini inaonekana kimeharibika kabla ya mauzo, na vipuri vilivyotolewa vihifadhiwe.

Sheria ina mtego mmoja kuhusu ukaguzi wa kabla ya kununua. Mnunuzi akilikagua gari, hawezi baadaye kudai kwa kasoro ambazo ukaguzi wa namna ile ulipaswa kuzifichua. Wapo wanaohitimisha kwamba afadhali basi kutokagua, na ushauri huo ni mbaya, kwa kuwa unamfanya mtu anunue mbuzi kwenye gunia ili abaki na kesi. Njia bora ni fundi kueleza kwa maandishi alichokikagua na ambacho hakukigusa, ili ibaki wazi kwamba mtu aliyetazama bodi na kuliendesha gari dakika 15 hakupata nafasi ya kuujua uvujaji wa ndani ya giaboksi. Mnunuzi anaweza pia kuomba namba ya chesisi na kuitumia kutafuta kumbukumbu za mnada wa Japani, pamoja na cheti cha usafirishaji kinachotaja kilometa, na kuzilinganisha na dashibodi. Tofauti ya kilometa 60,000 kati ya karatasi na dashibodi ni ushahidi ambao muuzaji hawezi kuusingizia uchakavu.

Hali huwa ngumu zaidi pale gari linaponunuliwa kwa mkopo wa benki au kwa mpango wa lipa polepole wa yadi yenyewe, ambapo hati ya umiliki hubaki kwa mkopeshaji na gari hufungwa kifaa cha kulifuatilia. Mnunuzi aliyeuziwa gari bovu huona ni haki kusimamisha malipo, lakini mkataba wa mkopo wa benki ni mkataba wa pili, na benki haikumuuzia gari. Akiacha kulipa, gari huchukuliwa na kupigwa mnada, na pamoja nalo huondoka ushahidi wake mkuu. Katika mpango wa yadi yenyewe, ambamo muuzaji na mkopeshaji ni mmoja, hoja ya kupunguza malipo kwa kiasi cha gharama za matengenezo ina nguvu zaidi, ila hata hapo inapaswa kutanguliwa na barua na ushauri wa wakili.

Muuzaji asipojibu barua ya madai, yaani barua ya mwisho inayotaja kiasi kinachodaiwa na siku anazopewa kukilipa, hubaki njia za vyombo vya umma. Malalamiko ya upotoshaji hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani nchini Kenya au kwa FCC nchini Tanzania. Kwa fidia, Kenya imepiga hatua inayostahili sifa: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, yakiwamo ya mauzo ya bidhaa, na hupaswa kuyamaliza ndani ya siku 60, mdai akiwa huru kujieleza mwenyewe. Bei ya gari zima mara nyingi huzidi kiwango hicho, lakini gharama ya injini au giaboksi kwa kawaida haizidi, na hivyo mnunuzi aliye tayari kubaki na gari na kudai gharama za kulitengeneza hupata njia fupi kuliko anayetaka kulirudisha. Sheria za ukomo za nchi zote mbili hutoa miaka 6 kufungua kesi ya mkataba, na wengi huisoma miaka hiyo kama nafasi ya kusubiri, wakati ushahidi wa gari hauishi hata miezi 6.

Mzigo wa kuthibitisha ndio unaobaki kuwa kikwazo kikuu, kwani anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwapo siku ya mauzo, na yeye ndiye mwenye taarifa chache zaidi. Nchi nyingine zimeushughulikia mzigo huo moja kwa moja. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro, na baada ya hapo, akidai matengenezo, kasoro inayojitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Marekani, kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1985, huwalazimu wafanyabiashara kubandika dirishani mwa kila gari lililotumika karatasi inayosema iwapo linauzwa na dhamana au bila dhamana.

Hakuna lolote kati ya hayo lililo zito mno kwa Nairobi, Dodoma au Zanzibar. Karatasi ya mnada ipo tayari, imekwisha kulipiwa, na mara nyingi imelala katika droo ya mwagizaji. Kinachohitajika ni kanuni inayomlazimu kila mwenye yadi kumkabidhi mnunuzi nakala yake pamoja na tafsiri na cheti cha usafirishaji, na kumhesabu asiyeikabidhi kuwa ameficha kasoro. Wabunge wa Kenya na Tanzania wanaombwa kuiandika kanuni hiyo, kuuhamishia mzigo wa uthibitisho kwa muuzaji katika miezi 6 ya kwanza, na kuyafuta katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yale maneno yanayomnyima mnunuzi wa kitu mahususi haki ya kukikataa, ambayo waliotuachia walikwisha kuyafuta kwao mwaka 1967.